Jina la Baba Kwenye Jiwe la Mashujaa

Baba yetu, seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Bila Koti, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, kifungua mimba wa mpishi wa reli. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akaajiriwa karakana ya mabehewa.

Tarehe 12 Juni 1963 wafanyakazi wa karakana waliandamana kudai chama chao, askari wakawafyatulia risasi. Wanne walikufa. Hiyo ndiyo asili ya Sikukuu ya Mashujaa, siku tunayolala mpaka jua kali. Wamezikwa chini ya jiwe moja, na kati ya majina yao limo la Baba. Sisi wanawe alituambia ni wajina wake tu, nasi tukaringa nalo shuleni.

Alimwoa Mama tarehe 5 Desemba 1970. Mvua inyeshe, baridi iume, koti havai. Mama alimshonea moja zuri. Akashukuru, akalitundika, nondo wakalila. Kila sikukuu alimshika mkono Bibi, jirani yetu, ambaye mwanawe alitoweka siku ya maandamano, wakaenda kuweka maua penye jiwe.

Mapafu yalimsumbua tangu Aprili. Siku chache kabla ya kufariki alituita.

"Pale hakuna wajina wangu. Ni rafiki yangu, mtoto wa Bibi. Mvua ilinyesha, nikamwazima koti. Kitambulisho changu kilikuwa mfukoni."

Basi akazikwa kwa jina la Baba. Baba alikuwa amekimbilia kwa shangazi yake, na kwa kuwa polisi hawamsaki maiti, akanyamaza. Baadaye zikaja hotuba na mashada, ulimi ukazidi kuwa mzito. Jamani, miaka yote hiyo! Nampenda baba yangu, nimemkasirikia, na hapa niliposimama bado nimepigwa na butwaa. Alifariki alfajiri ya tarehe 8 Agosti 2019.

Jana nilimwendea Bibi, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwamba amekufa nilijua zamani, mjukuu wangu. Mtu hakupasulii kuni miaka yote hiyo bure. Nilikuwa nangoja baba yako aniambie tu amelala wapi."

Kumbe kila Juni alisimama juu ya mwanawe, akidhani anamlilia mtoto wa mwenzake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, na Bibi, aliyeketi hapa mstari wa mbele. Tukishamfukia Baba, tusitawanyike. Tunampeleka Bibi kwa mwanawe, na mchonga mawe ameshatangulia.

Wapumzike kwa amani wote wawili, kila mmoja kwa jina lake.