Anza Nyumbani Kwanza: Wasifu wa Zefaniya Kasujja, Msomaji wa Vifo Redioni

Marehemu Zefaniya Kasujja, wa ukoo wa Ngeye, alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 katika kijiji cha Kyakatebe, Ssingo. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Erisa Ssebowa na Mama Damali Nankya. Mama yake alipenda kusimulia kwamba kitoto kile kililia kwa sauti nzito hata mkunga akauliza kama kuna mwanamume ameingia chumbani. Anayetaka kuamini na aamini. Sauti yenyewe wengi wenu mliisikia, kwa hiyo habari hiyo haiko mbali sana na ukweli.

Mwaka 1932 alianza shule ya kanisa hapa kijijini, na mwaka 1938 akaenda Mityana, alikomaliza masomo yake mwaka 1943. Hesabu zilimshinda. Kusoma kwa sauti hakukumshinda, na tangu akiwa na miaka tisa wazee walimwita awasomee barua zao. Siku moja alisoma barua iliyotoka Jinja, kwa kijana aliyemsalimu mama yake vizuri kisha akamtukana baba wa kambo, na huyo baba wa kambo alikuwa amekaa palepale akinywa chai. Zefaniya alisoma yote mpaka jina la mwandishi. Mzee Erisa alipomkamata, mtoto alijitetea kwamba aliambiwa asome. “Uliambiwa usome,” baba yake akasema, “hukuambiwa ufumbe macho usione nani amekaa hapo.” Alichapwa, na kijiji kilicheka kwa msimu mzima.

Alifundisha shule ya Kyakatebe tangu 1944 hadi 1953. Tarehe 15 Desemba 1951 alifunga ndoa na Bibi Eseza Nakitende, wa ukoo wa Ffumbe, kutoka Kammengo, Mawokota. Baba yake Eseza alikuwa amekwisha kufariki, na aliyesimama mahali pake ni baba yake mdogo, Mzee Nasanaeri Walusimbi. Jogoo wa shemeji, ambaye kwa mila bwana harusi humpa kaka wa mkewe, alipokelewa na kaka yake Eseza, Ananiya Kigozi, kijana mcheshi kupita kiasi, aliyemgeuzageuza jogoo yule mbele ya wageni na kusema amepewa kuku mwembamba na mwalimu mwenye sauti nene. Tangu siku ile Zefaniya na Ananiya walipendana kama waliozaliwa tumbo moja.

Mwaka 1954 redio ilipoanza kusema Kampala, Zefaniya alichukuliwa kuwa mmoja wa wasomaji wa kwanza wa lugha yetu, akahamia Ndeeba, mjini humo, na familia yake. Redio ya siku zile haikusema kutwa kama hii ya leo. Ilifunguliwa saa kumi na moja jioni kwa ngoma, ikafungwa saa tatu usiku kwa sala, na katikati ya hapo kila kitu kilikuwa na dakika zake: mafunzo ya kuchemsha maji, habari za pamba na kahawa, santuri, habari za dunia saa kumi na mbili, kisha saa moja kasorobo, matangazo ya vifo. Vijijini watu walibana betri zao. Waliwasha kusikiliza vifo, wakazima. Aliyefariki leo alizikwa kesho saa nane mchana, na ambaye hakusikia jioni alikuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Kazi ile ilimletea heshima na vituko pia. Mama Damali alilalamika kwamba mwanawe anasalimia nchi nzima jioni na hamtaji mama yake. Kule Kammengo mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa mama mkwe hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Sauti ya Zefaniya ilipotoka redioni, yule mama aliinuka, akajitanda kitambaa, akaenda kusikilizia nyuma ya mlango. Ananiya alimtania: “Mama, mkweo yuko Kampala.” Naye akajibu, “Yuko hapo mezani, mwanangu, na mimi nina adabu zangu.”

Sasa tufike mahali ambapo familia ilibishana kama pafikiwe au papitwe. Mdogo wake marehemu, Peresi, aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, alikataa mara mbili. Lakini marehemu mwenyewe aliacha maandishi, na mjane ametaka yasomwe mbele ya watu, kwa hiyo yanasomwa.

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 19 Februari 1958, Ananiya Kigozi alifariki Kammengo kwa homa ya siku tatu. Mzee Nasanaeri alipanda basi la kwanza kwenda Kampala kununua mbao na nguo za magome za kumzikia, na alipaswa kurudi na lori la mchana. Alipita redioni, akaambiwa Zefaniya hajafika. Akaandika tangazo. Kisha akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake: “Mwanangu, anza nyumbani kwanza.” Akamwachia karani wa mlangoni, akarudi kwenye msiba akiwa na moyo uliotulia. Hakumtuma mtu kwa Eseza. Angemtuma wa nini? Mume wa Eseza ndiye redio yenyewe.

Karatasi za vifo zilikusanywa zote na kuletwa mezani pamoja, kama kila siku, ilipokuwa imebaki robo saa na dakika chache kabla ya kusomwa. Zefaniya alizipitia ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu akalikuta jina la shemeji yake. Akaigeuza. Akasoma na nyuma. Fundi wa mitambo, Bwana Kaahwa, mtu wa Hoima, alimwona ameshika meza, akamuuliza kuna nini, akaonyeshwa.

“Nitaweka santuri,” Kaahwa akasema. “Panda baiskeli uende. Hizi utazisoma saa tatu kabla ya kufunga.”

“Saa tatu nani atakuwa bado amewasha?”

“Mkeo amewasha sasa hivi.”

“Na watu wa Mawokota wamewasha sasa hivi. Nikingoja, Ananiya atazikwa na nani?”

Kaahwa akarudi kwenye mitambo yake. Taa ya kuashiria kipindi kimeanza ikawaka, na Zefaniya akasoma.

Nyumbani Ndeeba redio ilikuwa dirishani, na majirani walikuwa wamekaa uani kama kila jioni. Eseza alikuwa amesimama, mwanawe Ezekieri mgongoni, akimenya matoke. Alisikia kifo cha kaka yake wa pekee kwa sauti ya mume wake, jina la baba, kijiji, saa ya maziko, kisha sauti ileile ikaendelea na kifo cha mtu wa Kyaggwe. Majirani wanasema alisikiliza mpaka tangazo la Kyaggwe likaisha. Ndipo akamfungua mtoto mgongoni, akampa mwanamke aliyekuwa karibu, akatoka mbio peku kuelekea barabara ya Masaka, iendayo Kammengo. Zefaniya aliporudi alikuta mlango wazi, watoto kwa jirani, na redio inaimba.

Kesho yake makaburini, wakwe walimzunguka. Inakuwaje mtu atangaziwe msiba wake kama mpita njia, hata hakuketishwa, hata hakushikwa mkono? Zefaniya angeweza kusema kweli. Badala yake alisema: “Sikuliona jina mpaka lilipofika mdomoni.”

Mzee Nasanaeri akasogea. “Lakini nilikuandikia, mwanangu. Nyuma ya karatasi.”

“Nyuma hapakuwa na kitu, baba.”

Wakati akisema hivyo, karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake.

Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya miaka kumi na minane, na aliyeitembea kwa miguu ni Mzee Nasanaeri. Ukoo ulimwona mzembe aliyeokoa nauli ya mjumbe mmoja. Hakutumwa tena kupeleka habari ya harusi wala ya msiba. Mtoto akisahau alichotumwa dukani, aliambiwa ametumwa kama Nasanaeri, na waliokuwa wakisema hivyo wamo humu leo, wanajijua. Eseza naye, mwana wa ndugu yake, aliyelelewa naye, aliacha kumpigia magoti akimsalimu. Mwanzoni mzee alibisha. Baadaye akabisha kidogo. Mwisho akaanza kusema kwamba labda alikusudia kuandika, akili zilikuwa kwenye mbao, akasahau.

Zefaniya aliyasikia yote. Aliandika kwamba kila mara alijiandaa kusema, na kila mara aliona kwamba kusema leo ni kukiri pia kwamba hakusema jana. Aliandika kwamba wazo la kumtuma yule karani kwa baiskeli, ambalo lingemaliza jambo lote, lilimjia makaburini udongo ukimwagwa. Na aliandika hili, ambalo Peresi angependa kulificha lakini hakuruhusiwa: kwamba aliwafikiria watu wa Mawokota, ndiyo, lakini pia kwa miaka minne kipindi chake hakijawahi kuchelewa hata dakika moja, na hakutaka kichelewe siku ile.

Baada ya hapo alifika kazini saa mbili nzima kabla ya kipindi, akadai karatasi za vifo mapema, akaulizia nani ana ndugu mjini, akamtuma karani nyumba kwa nyumba kabla ya kusoma. Alisifiwa sana kwa moyo huo. Nyumbani redio iliondolewa dirishani, ikafunikwa kitambaa. Eseza alimzalia watoto wengine wawili, alimpikia, alimpokea mfuko mlangoni, lakini sauti yake redioni hakuisikiliza tena. Majirani waliacha kuja jioni. Alisoma vifo hadi mwaka 1970, sauti ilipoanza kukwaruza, akapumzishwa.

Mwaka 1975 alionekana ana uvimbe kooni. Alitibiwa, akapata nafuu, ukarudi. Kufikia Aprili mwaka huu sauti ilikuwa imekatika kabisa, akawa anaandika kwenye daftari la shule la mjukuu. Mwezi Julai alimwita Eseza, akampa daftari na Biblia yake. Ndani ya Biblia ilikuwemo ile karatasi.

Eseza alisoma upande wa tangazo tu. Akasema, “Kwamba uliliona jina nilijua, Baba Ludiya. Ulinyamaza kabla ya kulitaja. Miaka yote hujawahi kunyamaza kabla ya jina la mtu.”

Marehemu akaandika: “Mbona hukuniuliza?”

“Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Msemaji wa nyumba hii si wewe?”

Alimwashiria aigeuze karatasi. Hilo la nyuma Eseza hakulijua. Alilisoma, akaikunja karatasi, akatoka. Kwa siku mbili alimlisha uji, akamwogesha, akamgeuza kitandani, bila kumwambia neno. Siku ya tatu alimwambia kwamba amemsamehe lake yeye, lakini la Mzee Nasanaeri si lake kulisamehe. Marehemu akaandika kwamba anataka kwenda Kammengo mwenyewe. Hakuweza hata kufika mlangoni. Akaandika tena: “Basi nikifa, lisomwe.” Alifariki nyumbani kwake Ndeeba, Jumatatu tarehe 9 Agosti 1976, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa amemshika.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Eseza Nakitende, watoto wanne, Ludiya, Ezekieri, Miriyamu na Danieri, wajukuu watatu, na mdogo wake Peresi. Kwa mwandiko wake ametaka Mzee Nasanaeri Walusimbi ahesabiwe hapa pamoja na walioachwa, mstari wa mbele, wala asikalishwe na wageni.

Wapo walionong'ona Jumatatu kwamba mjane ametoka msibani maiti ikiwa bado haijaoshwa. Ni kweli alitoka. Alipanda basi la Kammengo asubuhi, kabla tangazo lolote halijapelekwa redioni. Alimkuta Mzee Nasanaeri akichambua kahawa uani. Alipiga magoti akamsalimu, akamwingiza ndani, akamketisha, akamshika mkono, ndipo akamwambia kwamba Zefaniya amefariki. Mzee alipokwisha kulia, akampa ile karatasi. Aliitazama upande wa jina la Ananiya kwa muda. Kisha akaigeuza, akaisogeza karibu na macho, akausoma mwandiko wake mwenyewe polepole.

“Kumbe niliandika,” akasema.

“Uliandika, baba.”

Mungu ampumzishe Zefaniya kwa amani, na Mzee Nasanaeri ampumzishe angali hai.