Kwa Heri Bwana Pickersgill, Uliyemwahisha Mume Wangu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, uliyefika mapema kuliko sisi tuliopanga viti. Mchungaji, uliyeahidi leo kutosema neno. Bwana Hebblethwaite, mwenye kampuni ya mazishi iliyowazika jamaa zetu tangu enzi za babu yako. Bi Farzana Iqbal, mwalimu wa madereva waliokosa. Wanangu Gerald na Roland, kaeni vizuri. Ndugu wageni waalikwa wa kijiji cha Netherscar, nyote mlio hai, maana watu wengi aliowahi kuwabeba mheshimiwa wetu wa leo wameshindwa kuhudhuria:

Nawasalimu.

Nawe Bwana Pickersgill, uliyekaa hapo mbele kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, nakusalimu mwisho na peke yako, kwa sababu shughuli hii ni yako.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Mavis Thackray, mjane wa Norris Thackray aliyekuwa akigawa maziwa. Nimeombwa niseme machache juu ya dereva huyu anayestaafu baada ya kuendesha gari la maiti miaka thelathini na mitatu. Bwana Hebblethwaite aliniomba niseme dakika tano, nami nikamkubalia, kama vile yeye alivyonikubalia mambo mengi ambayo hakuyatekeleza.

Nani hapa asiyeujua mwendo wa Bwana Pickersgill? Watoto wa shule wamempita kwa baiskeli huku wakimpungia mkono. Hufunga breki jinsi mtu anavyoweka yai mezani. Naye mume wangu Norris aligawa maziwa miaka thelathini na minane kwa kile kigari cha umeme ambacho, kikiwa kwenye mteremko na upepo ukikisukuma, kilifika maili kumi na tano kwa saa, na foleni nyuma yake ilianzia kwetu ikaishia kanisani. Sasa niambieni, ndugu zangu, ni haki kweli kwamba mtu wa namna ile, akibebwa na dereva wa namna hii, apigwe picha na kamera kwa kosa la mwendokasi?

Lakini ilitokea, miaka miwili iliyopita, siku ya mazishi, na leo nataka niseme hadharani ilivyotokea, kwa sababu nimesikia inasimuliwa vibaya kwenye baa.

Asubuhi ile gari la maiti lilikuwa mlangoni kwangu kwa wakati. Maua yamepangwa ubavuni, yameandikwa BABA kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa mtaa wa pili. Magari ya jamaa yamejipanga. Mimi nikang'ang'ania kukaa mbele na dereva, kwa hiyo Bwana Hebblethwaite, ambaye kiti kile ni chake, akatangulia kwa gari lake. Na hapo ndipo wanangu wawili walipoanza kugombana nani gari lake liwe la kwanza nyuma ya jeneza.

Mnajua, na kama hamjui nawaambia, kwamba Gerald na Roland walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na mmoja. Sababu yake ni ngazi. Ngazi ya aluminiamu. Gerald alisema Roland aliiazima, Roland akasema aliirudisha. Tangu hapo mmoja akija kwangu Jumapili hii, mwenzake huja Jumapili ijayo, na baba yao alikufa akiwa hajawaona pamoja mezani.

Sasa wamesimama getini, suti nyeusi, tai nyeusi.

"Mimi ndiye mkubwa," Gerald anasema.

"Mkubwa wa nini? Nani alikuwa akimnyoa ndevu?"

"Ulimkata kidevu mara mbili!"

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unahesabu ngazi zako!"

Dakika ishirini na mbili! Jirani yangu wa mkono wa kulia alitoka na kiti. Bwana Pickersgill alikaa ameshika usukani, macho mbele, hakugeuza hata shingo. Mwisho nikashusha kioo nikasema kwamba asiyeingia garini sasa hivi atalikuta jina lake halimo kwenye shughuli yoyote yangu, pamoja na ya kifo changu. Wakaingia.

Tukaondoka. Huko Highmoss, kwenye tanuri la kuchomea maiti, kila familia hupewa dakika arobaini, na ukichelewa zako zinakatwa, kwa sababu anayekufuata naye ana watu wake. Aliyetufuata siku ile alikuwa marehemu mwalimu wa kwaya, na waimbaji hamsini walikuwa wamesimama nje wakipasha sauti. Nikaitazama saa.

"Bwana Pickersgill," nikamwambia, "tutafika?"

"Tutafika, Mama."

"Saa ngapi?"

Akakaza macho barabarani. Nikajua.

"Kanyaga."

"Mama, gari hili halikanyagwi. Lina heshima zake."

"Heshima gani kumfikisha mtu kwenye mazishi yake mwenyewe wakati wenzake wanatoka? Huyu mtu hakuwahi kuchelewesha maziwa hata siku moja. Kanyaga, baba, nakuomba."

Alinitazama. Sitausahau ule uso. Kisha mguu wake ukafanya jambo ambalo ulikuwa haujalifanya kwa miaka thelathini na mmoja, na gari likaitika kwa sauti ambayo nadhani hata lenyewe lilikuwa halijawahi kuisikia. Maua yakaanza kuinama. Nyuma kitu kikasogea kidogo, nikasema, "Tulia, Norris." Na tulipokuwa tunapita pale kwenye kinu cha zamani, mwanga ukamulika: paa! Nikageuka. Ukammulika Gerald. Ukammulika Roland. Ukaendelea hadi gari la saba, la shemeji yangu Enid. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani gazeti limetuma mpiga picha.

Tulifika dakika tatu kabla. Norris alipata dakika zake arobaini zote.

Siku kumi baadaye zikaja barua. Maili thelathini na saba kwa saa, mahali pa thelathini. Roland yeye thelathini na tisa, kwa sababu alikuwa anajaribu kumpita kaka yake. Na barua ya gari la maiti ilikwenda kwa Bwana Hebblethwaite, akitakiwa ataje nani alikuwa kwenye usukani. Alipoomba picha, neno BABA lilikuwa linasomeka vizuri kuliko namba ya gari.

Bwana Hebblethwaite, usiangalie chini, nafika kwako polepole.

Pickersgill alijaza fomu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, akajitaja. Kisha akaandika barua ya pili, ya kuacha kazi. Hakutoa sababu. Hakusema "mjane alinilazimisha." Hakusema "wanawe walitupotezea muda." Aliandika kwamba gari la maiti limepigwa picha likikimbia, na yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha, basi. Na Bwana Hebblethwaite akaipokea barua ile akaiweka kwenye faili. Mimi nilikuja kusikia habari hiyo kwa Enid, ambaye aliisikia kwa kinyozi, na usiku ule sikupata usingizi.

Wote saba wakapewa hiari: pointi tatu za adhabu kwenye leseni, au kuhudhuria darasa la madereva. Nikapiga simu moja baada ya nyingine. Nikawaambia, "Mtachagua darasa, na mtachagua tarehe moja." Gerald akasema, "Mama, siwezi kukaa chumba kimoja na yule." Nikamwambia, "Serikali imewakusanya kwa barua, kazi iliyotushinda mimi na baba yenu miaka kumi na mmoja. Sitaiacha ipite."

Nami nikaenda. Sikuwa na leseni na sikuwa nimewahi kukosa chochote barabarani, lakini Gerald ndiye aliyenipeleka, na Bi Farzana alipoambiwa kwamba mjane wa miaka sabini na tisa yuko kwenye maegesho ya hoteli lilikokuwa darasa anangoja saa nne nzima, akasema niletwe ndani, nikae nyuma karibu na birika la chai, nisiseme neno.

Bi Farzana, nilijitahidi.

Alianza kwa kumuuliza kila mtu siku ile alikuwa anakimbilia wapi. Mmoja akasema mpira wa mwanawe. Mwingine akasema aisikrimu ilikuwa inayeyuka. Akafika kwa Gerald.

"Nilikuwa namfuata baba."

"Na baba alikuwa anakimbilia wapi?"

"Kuchomwa."

Bi Farzana akaandika kitu. Akamgeukia Roland.

"Nilikuwa namfuata huyu. Sikutaka afike kabla yangu."

Enid akasema alifuata wenzake. Wengine hivyo hivyo. Bi Farzana akaweka kalamu chini, akauliza, kwa upole kabisa, "Basi ni nani aliyekuwa mbele ya wote?"

Bwana Pickersgill akasimama. Akakutanisha mikono mbele, kama anavyosimama kando ya jeneza.

"Ni mimi, Mwalimu. Sina sababu."

"Ulikuwa na abiria?"

"Wawili."

"Walijisikiaje kwa mwendo ule?"

"Mmoja hakulalamika."

Bi Farzana ni mtu wa kazi yake, hakutoka kwenye mstari. Akasema anachomwambia kila mtu, kwamba ni afadhali kuchelewa kuliko kufika maiti. Na Pickersgill akamjibu kwa adabu zote, "Naelewa, Mwalimu. Ila kule ninakokwenda mimi, asipofika maiti shughuli haianzi." Akaonyesha picha ya barabara, watoto, mpira, mzee anavuka, akauliza tunaona hatari gani. Pickersgill akanyoosha mkono akasema, "Mimi naona wateja." Sidhani alikuwa anatania. Yule bwana wa aisikrimu alitoka nje kupunga upepo.

Lakini pale aliposema hana sababu, akarudi kukaa na aibu yake yote, nilishindwa kuvumilia. Nikasimama kule kwenye birika.

"Anayo! Sababu ni mimi. Mimi nilimwambia akanyage."

"Mama, wewe si mshiriki," akasema Bi Farzana.

"Mimi ndiye mjane! Na nilimwambia akanyage kwa sababu hawa wawili waligombana getini dakika ishirini na mbili. Mtu mzima huyu amepoteza kazi ya maisha yake kwa ajili ya ngazi, na bado hajawataja. Angewataja mngekuwa mnafurahi?"

 Bi Farzana akatutazama sote kwa zamu. Kisha akasema sasa ni zoezi la watu wawili wawili, kila mmoja amwambie mwenzake ni kitu gani kilikuwa moyoni mwake alipokanyaga. Akapita katikati ya meza akigawa watu. "Wewe na huyu. Wewe na huyu." Na Gerald na Roland.

Walianza kwa kugombea kalamu. Halafu nikaona Roland ameinamisha kichwa.

"Ngazi iko kwangu," akasema. "Imekuwa kwangu muda wote."

"Najua," Gerald akasema. "Niliiona kwenye picha ya Krismasi ya mkeo. Mwaka wa kwanza tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja uulize vizuri."

 Gerald akasema, "Mzee alikuwa anaweka vikombe viwili vya ziada kila Jumapili." Na Roland, mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye kilo mia, akalia katikati ya darasa la mwendokasi, kaka yake amemshika bega. Bi Farzana akatangaza mapumziko ya dakika kumi, ambayo baadaye niligundua hayakuwemo kwenye ratiba.

Kesho yake asubuhi mimi na wanangu wawili tulikwenda ofisini kwa Bwana Hebblethwaite.

"Bi Thackray," akaniambia, "gari la maiti kupigwa picha na kamera ni aibu kwa kampuni."

"Aibu ni yetu," Gerald akasema.

"Tena yote," Roland akasema.

Nikamkumbusha kwamba mimi nimeshaandikisha mazishi yangu kwake, na kwamba asipomrudisha Pickersgill kazini nitakwenda kuzikwa na wale washindani wake wa ng'ambo ya mto, na nitawapelekea na Enid. Bwana Hebblethwaite, useme unavyotaka, uliifungua droo, ukaitoa ile barua, ukamrudishia mwenyewe bila kuongeza neno. Kwa hilo nakushukuru mbele ya watu. Ni mtu gani mwenye biashara angekubali kutishwa na kikongwe?

Ndugu zangu, mwaka huu Pickersgill anastaafu kabla mimi sijafa, na nilimwambia wazi kwamba sikupendezwa. Lakini limebaki jambo moja ambalo hata wanangu hawalijui.

Siku ile nyuma ya darasa, karibu na birika, nilisikiliza yote. Mataa, umbali, breki, watoto wanaovuka. Katika miaka hamsini na mmoja ya ndoa, Norris alikuwa akisema nyumba moja yatosha kuwa na dereva mmoja, nami nikaamini. Nikamwuliza Pickersgill kama anaweza kunifundisha. Akafikiri wiki nzima, kama kawaida yake, akaja na vibao vya dereva mwanafunzi. Tumejifunzia kwenye maegesho ya tanuri la Highmoss, siku ambazo hakuna shughuli, kwa gari dogo la bluu la Norris. Mtihani wa kwanza nilifelishwa kwa kwenda polepole mno. Mlitarajia nini, na mwalimu wangu ndiye huyu? Wa pili nao hivyo hivyo. Wa tatu mtahini alilala.

Alhamisi iliyopita nimefaulu.

Gerald, funga mdomo. Roland, mpe kaka yako maji.

Bwana Pickersgill, miaka thelathini na mitatu umewarudisha watu wa Netherscar wote nyumbani kwao kwa mara ya mwisho, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kukushukuru. Mimi nimeipata. Gari liko mlangoni, na nitakupeleka kwako mimi. Leo unakaa kushoto.

Nawashukuru wote kwa masikio yenu. Uvumilivu wenu naomba muendelee nao barabarani, maana tutakuwa mbele yenu.