Tuta Nililolichimbua kwa Ajili ya Gari

Sabato njema, wapendwa. Mzee wa kanisa ameniomba niseme Kiswahili kwa ajili ya wageni wetu waliotoka mbali, kwa hivyo mama zangu wa benchi za mbele mnivumilie, Kiswahili changu ni cha shuleni na cha sokoni Keroka. Mimi mnanijua. Ndiye yule mwenye gari la kelele. Msicheke. Najua kuna mmoja wenu aliyewahi kusimamisha maombi hadi nipite.

Leo sikuja kuwaambia nilivyoacha pombe, maana sikuwahi kuinywa. Nimekuja kusema habari ya tuta la udongo na habari ya mtu aliyeaibishwa kwa kosa langu. Nimekaa nayo muda mrefu na imenichosha.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Mageti mengi mnayoyaona kutoka hapa hadi Keroka yamepitia mikononi mwangu. Lakini moyo wangu, ndugu zangu, nawaambia ukweli, uko kwa magari. Hilo gari nililipata likiwa limekufa, limesimama nyuma ya gereji moja mjini Kisii, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Ni la zamani, la turbo, la gia za mkono. Aina yake sitaitaja, wenye masikio mtaitambua. Jirani yangu, ambaye shamba lake liko juu ya letu, ndiye aliyenisaidia kulisukuma siku lilipofika nyumbani likivutwa kwa kamba. Alitoka na matope hadi kifuani, akaniambia, "Likiamka, mimi ndiye wa kwanza kupanda." Nikamwahidi.

Nilikaa miaka miwili nikilifufua. Kila Jumapili niko chini yake. Siku injini ilipowaka, ikatulia, ikanguruma ile ngurumo yake ya chini chini, nililia. Mtu mzima mwenye ndevu. Jirani akapanda kwanza, kama nilivyoahidi, tukaenda hadi Keroka na kurudi, akishika dari kwa mikono yote miwili na kuimba wimbo wa kanisa.

Hapo lingetosha. Lakini Kisii kuna vijana wenzangu wa magari ya namna hii, tunakutana, tunafungua boneti, tunaonyeshana. Siku ya kwanza nilipopeleka langu wakaliangalia, mmoja akasema, "Kaka, hii umeiacha juu kama ya kubeba majani chai." Wakacheka. Mimi nikacheka pia, lakini neno lilinichoma. Nikakata springi, nikalishusha hadi kidole hakipiti kati ya gurudumu na bodi. Nikang'oa viti vya nyuma ili liwe jepesi. Mbele nikaweka kiti kile cha mashindano, kinachokukumbatia mbavu. Nikapaka bampa rangi mpya mwenyewe. Nilikuwa nikitembea kulizunguka kama bwana harusi.

Sasa wageni wetu, niwaeleze nyumbani kwetu. Tunakaa kwenye mteremko, kama karibu kila mtu hapa. Njia ya kuingia inashuka kutoka barabara ya murram, inapita kando ya jiko la mama, inafika kwangu. Juu ya jiko, kukatiza njia, marehemu baba alijenga tuta la udongo na mawe. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na njia kwa nguvu, yakifika kwenye tuta yanageuzwa, yanaingia kwenye mtaro wa kando ya shamba la majani ya ng'ombe na kwenda zake mtoni. Kila mwaka kabla ya mvua ndefu baba alikuwa akiliongezea udongo na kulishindilia kwa miguu. Alikuwa akituambia, "Hili tuta ni mtu wa nyumba hii. Msilisumbue."

Gari lililoshushwa halivuki tuta. Mara ya kwanza lilikwaruza bampa. Mara ya pili likakwama tumbo, magurudumu yakazunguka hewani, na watoto waliokuwa wakitoka shule wakasimama kupiga makofi. Nilisikia hasira, wapendwa. Nilimkasirikia marehemu.

Jumatatu moja ya kiangazi mama aliondoka na kikapu cha majani kwenda kituo cha kuuzia chai. Nikachukua jembe. Tuta ambalo baba alilijenga kwa miaka mingi, mimi nililimaliza kabla ya saa sita mchana. Udongo nikautupa kwenye majani ya ng'ombe, mawe nikayaficha nyuma ya choo, njia nikaifagia. Nikajiambia nitalirudisha kabla ya mvua. Mama aliporudi aliangalia njia, akaniangalia, akaingia jikoni. Nikafikiri hakuona.

Mvua ilipokuja nilikuwa Kisii na wenzangu. Ilikuwa Jumapili alasiri. Tulikuwa tumejikinga kwenye kibaraza, magari yetu yakioshwa na mbingu, na yule aliyenicheka akasema langu ndilo zuri kuliko yote. Simu ikalia hapo hapo. Ukuta wa jiko la mama ulikuwa umeanguka. Maji yalishuka na njia, hakuna kilichoyageuza, yakapiga ukuta wa udongo hadi ukalegea, na mama alikuwa ameketi ndani akichambua mboga zake za chinsaga. Ulimwangukia kwenye nyonga.

Niliendesha sijui vipi. Nilipofika nikamkuta jirani yangu yule yule, ametoa mlango wa jiko, amemlaza mama juu yake, yeye na mke wake wamembeba hadi barabarani. Nikafungua gari. Tukasimama tukiliangalia. Viti vya nyuma havipo. Cha mbele ni kile cha mashindano, hata mtu mzima wa mwili anaingia kwa shida, sembuse mama aliyevunjika nyonga. Gari lililonigharimu miaka miwili, na halikuweza kumbeba mama yangu. Jirani akakimbia kusimamisha pikapu iliyokuwa imebeba magunia ya majani chai. Mama alienda hospitali akiwa amelala juu ya majani. Mimi nikafuata nyuma, peke yangu, na ekzosi yangu ikilia.

Hospitalini ndugu wakaanza kuuliza maji yalitoka wapi. Jirani yangu alikuwa ndiyo kwanza amechimba mtaro wa kupitisha bomba la maji kutoka chemchemi, juu ya shamba letu. Mtu mmoja akasema, "Ni ule mtaro. Ndio umeleta maji." Wote wakanigeukia. Mimi ndiye ninayekaa pale. Wakaniuliza, "Ni kweli?"

Nikasema, "Huenda."

Neno moja tu. Sikusema ndiyo. Nilijifariji hivyo, kwamba sikusema ndiyo. Lakini ninyi mnajua neno la namna hiyo linavyotembea. Lilifika sokoni kabla yangu. Lilifika hapa kanisani. Kufikia Sabato iliyofuata haikuwa tena huenda, ilikuwa amemvunja mjane wa watu. Yeye alikuwa akipokea sadaka, mkampumzisha. Mlipokuwa mkisalimiana pale nje alikuwa anasimama karibu na ua, anajifanya anatafuta kitu kwenye Biblia yake. Mimi nilimwona. Alifukia mtaro wake kwa mikono yake, bomba likabaki limelala kwenye nyasi, na mke wake akarudi mtoni. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini ninakutana naye na mtungi kichwani. Ananisalimia vizuri. "Bwakire." Anauliza mama anaendeleaje. Ndugu zangu, nawaambia, heri angenitukana.

Mama alipotoka hospitali alikaa kwangu. Nilimwekea kiti barazani, na mbele yake kuna gari. Siku moja mchana mvua ikaanza. Tukamwona jirani anashuka na jembe, gunia kichwani, anasimama pale pale palipokuwa na tuta. Anaanza kulijenga upya. Kwenye njia yetu, kwa udongo wa shamba lake. Mtu tuliyemwita mharibifu.

Mama akaniambia, "Tata, mwanangu, unamwangalia tu?"

Nikasema ninangoja mvua ipungue.

Akasema, "Siku ile sikufika kituoni. Goti liliniuma, nikarudia njiani. Nilikuona na jembe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mwanzo nilisema utalirudisha mwenyewe, wewe si mtoto. Halafu nikavunjika, nikasema sasa atasema. Nimekungoja hadi nimemkosea mtu wa watu. Mimi pia Nyasae, Mungu wetu, ataniuliza. Lakini mimi siwezi kusimama. Wewe una miguu."

Nikaenda. Nilichukua jembe lile lile. Nilipomfikia sikujua pa kuanzia, nikaanza kuchimba kando yake, na yeye akanishukuru kwa kumsaidia. Akanishukuru! Hapo ndipo niliposema yote, mvua ikinipiga usoni, hadi mawe niliyoyaficha nyuma ya choo.

Alisimama ameegemea mpini. Sikumwona kukasirika, ningependa angekasirika. Akasema, "Mke wangu amebeba maji wiki saba." Kisha akaweka jembe begani. "Maliza wewe." Akapanda kwenda kwake.

Nilimaliza. Niliyatoa mawe ya baba moja moja. Nikaenda kwa wazee wa kanisa, na wao wakaniambia kosa lililosemwa mbele ya watu hurekebishwa mbele ya watu, ndiyo maana nimesimama hapa. Nilichimba upya mtaro wa jirani, kipande kwa kipande, kila jioni baada ya kazi. Wiki ya kwanza alikuwa akipita bila kusema. Wiki ya pili alisimama, akaangalia, akasema, "Hapo maji yatavuja, funga vizuri." Sijawahi kusifiwa na fundi yeyote nikafurahi hivyo.

Gari nimelipandisha. Springi za kawaida, viti vya nyuma vimerudi. Wengine mliniambia niliuze, ni la shetani. Mama alikataa. Alisema, "Gari halikushika jembe." Kwa hivyo ninalo, na ninalipenda, sitawadanganya. Lakini nikilipangusa namwona mama na fimbo yake, hatatembea tena kama zamani, na hakuna rangi ya kupaka juu ya hilo. Leo nimekuja naye nalo. Tulipofika kwenye tuta nilipunguza mwendo, gari likapanda, likashuka polepole, na mama akasema, "Sasa baba yako anaweza kulala."

Nawashukuru waliomfulia mama na kumpikia. Namshukuru daktari, na yule dereva wa pikapu ambaye hadi leo simjui. Na ninyi vijana wa magari, tengenezeni, mimi siwakatazi. Ila kabla hujaondoa kitu kilichokuzuia njiani, uliza kilikuwa kinazuia nini kingine.

Najua nikinyamaza sasa mtasema Amina, kama kawaida yetu. Naomba msiniambie mimi. Nimemwomba ruhusa jirani yangu, akakubali kwa shida. Ameketi benchi ya nne upande wa dirisha, amevaa koti la kahawia, na sasa hivi ameinamisha kichwa kama mwenye makosa. Hana kosa. Lile neno "huenda" nililisema mimi, na leo nasema la. Hakuwa yeye. Inukeni, mwende mkamsalimie.