Trekta ya Ndege ya Mwenyekiti Ondieki

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Gesima wakishalikalia wiki mbili wanaanza kunikaribisha mimi kama mgeni. Nililipiga misumari mwenyewe, mimi Mokua fundi viatu, ili mteja apate pa kuketi nikimshonea soli, si ili watu wazima wabishane hapo kutoka asubuhi hadi jioni. Halafu Bochaberi akaleta chupa zake mbili kando ya banda langu, moja ya chai na moja ya uji wa wimbi, na tangu siku hiyo wateja wangu husimama. Uji ni wa Wasabato. Hawa ni watu wanaolima majani ya chai mlima mzima, wanayachuma hata mvua ikinyesha, na chai yenyewe hawaionji. Mimi ni Mkatoliki, nakunywa nikiwatazama.

Ijumaa hiyo, saa kumi na nusu jioni, alikuja Ondieki na bahasha kaki mkononi. Hakusalimia mtu. Sisi tunamwita Bonasi. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kumi na wawili, na ndiye aliyewashawishi wenzake wachange bonasi yote ya majani, malipo ya kila mwaka kutoka kiwandani, wanunue mashine mtandaoni, ya kuvuta lori la majani kila likikwama kwenye mteremko wetu. Tangazo lilisema trekta, ina nguvu za ajabu, imetumika kidogo. Wakalipa. Mashine ilipofika Mombasa, watu wa forodha wakauliza mbona kwenye picha imefungwa kwenye pua ya ndege.

Ondieki: Bochaberi, uji. Na nyinyi mnisaidie kufikiri, lakini mbio. Wakala wa forodha anataka jibu leo kwa kompyuta. Job anafunga saiba yake, duka la intaneti, kabla jua halijazama, na mimi pia Sabato ikiingia sishiki kalamu ya biashara.

Bochaberi: Unataka hawa wakusaidie kufikiri?

Ondieki: Sina wengine.

Alipewa nafasi katikati. Kushoto kwake alikuwa Mwalimu Onyiego, mstaafu, tunayemwita Kifungu, kwa sababu karatasi haipiti Gesima bila yeye kuisoma. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akavaa miwani na kukohoa kama yuko mbele ya darasa.

Kifungu: Wanataka kujua mashine yako iingie fungu gani kwenye kitabu cha ushuru. Fungu la kwanza ni matrekta. La pili ni magari ya kazi ya safari fupi, yale ya kuzunguka ndani ya kiwanda, bandari au uwanja wa ndege. Ushuru si mmoja. Au, tatu, uirudishe. Aliyekuuzia amekubali kurudisha pesa, akikata humo nauli ya meli, mradi haijatoka bandarini.

Ondieki: Hiyo ya tatu ruka.

Kifungu: Halafu kuna swali hapa chini. Itavuta nini?

Ondieki: Si lori? Andika lori la majani.

Kifungu: Hapana, mwenyekiti. Wao hawaulizi wewe umepanga nini. Wanauliza ilitengenezwa ivute nini. Nikinunua jeneza niweke mahindi, kwa kitabu chao bado ni jeneza.

Hapo akaingia Oyugi, na nilijua ataingia. Oyugi anaziba pancha ng'ambo ya barabara. Alitoka kwao upande wa ziwa, akapitia Mombasa akakaa wiki sita, miaka kumi na saba iliyopita, na sisi hatujapumzika tangu hapo. Ndiye tunayemwita Bandari.

Oyugi: Mimi bandari naijua. Wale hawasomi, wanatazama. Kata ile ndege kwenye picha.

Ondieki: Bandari, mashine yenyewe wako nayo.

Oyugi: Basi ipakwe rangi ya kijani. Trekta ya shamba ni ya kijani, hilo kila mtu anajua.

Bochaberi: Imefungiwa Mombasa, wewe uko Gesima. Utaipaka na brashi ya urefu gani?

Oyugi: Nina mtu huko.

Mimi: Huyo mtu wako ulimwacha akiwa mzee. Sasa hivi amestaafu au amezikwa.

Oyugi: Mazishi! Ngoja, fundi, umenipa kitu. Kwani mzee wa pale juu alipozikwa mwaka jana, helikopta ngapi za waheshimiwa zilitua uwanja wa shule?

Kifungu: Tatu. Moja ikazama matope, watoto wakapewa likizo nusu siku.

Oyugi: Basi tuchukue fungu la pili, la uwanja wa ndege. Tukiivuta helikopta moja mita mbili tu, tukapiga picha, tayari sisi ni uwanja. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Gesima.

Bochaberi: Na ng'ombe wanaolisha hapo?

Oyugi: Hao ni usalama.

Kifungu: Wazo si baya. Uwanja wa ndege unahitaji ratiba, na sisi tunazika kila Alhamisi na Ijumaa. Kuna viwanja vikubwa havina ratiba kama hiyo.

Mimi nilidhani Ondieki atacheka. Mzee wa kanisa, mtu anayerudisha hata msumari alioazima. Nikaona ametoa kalamu na kuandika neno "uwanja". Hapo ndipo nilipoogopa.

Mimi: Ondieki, unaandika nini?

Ondieki: Fundi, niache. Nimeshaijengea nyumba. Mabati kumi na nane, mlango wa kuingiza nyumba nyingine. Kokoto ya sakafu ilimwagwa jana, lori zima. Mke wangu Millicent kila asubuhi ananiuliza kama mgeni wangu bado yuko njiani.

Kifungu: Usiandike uwanja. Nimefikiria zaidi. Kabla ya mashine, hapa kwetu kazi ya kuvuta ilikuwa ya nani?

Bochaberi: Ng'ombe.

Kifungu: Basi hii kimsingi ni ng'ombe. Na kitabu cha ushuru kinaanza na wanyama hai, ukurasa wa mbele kabisa, kabla hata ya samaki. Tuombe iwekwe hapo.

Bochaberi: Ng'ombe wa chuma.

Kifungu: Wakatae wao.

Oyugi: Na wakitaka kumkagua? Ng'ombe lazima awe na cheti cha daktari wa mifugo.

Kifungu: Cheti nitaandika mimi.

Nilitupa chini kiatu nilichokuwa nashona. Mimi nina hasira za karibu, sifichi.

Mimi: Nyinyi wawili nyamazeni. Hiyo ni bonasi ya nyumba kumi na mbili, mnaichezea kama karata.

Oyugi aliniokotea kiatu. Ondieki aliweka kikombe chake cha uji chini.

Ondieki: Jumapili asubuhi tunakutana kituo cha kupimia majani. Nitasimama mbele yao. Nyakerario atakuwa pale, mama aliyeacha kuezeka jiko lake kwa sababu mimi nilimwambia ngoja, tununue kwanza. Nisipojibu leo, mashine itakaa huko mpaka iuzwe kwa mnada. Nikijibu vibaya, tutalipa ushuru hadi wajukuu. Nitamwambia nini yule mama?

Bochaberi alimwongezea uji. Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya miti ya blugamu, na kule chini Job alikuwa ameanza kuingiza viti vyake ndani.

Ndipo akatokea Linet. Huyu ndiye dereva wa lori la majani, binti ya jirani yetu Mogire, anayemwita kila mzee tata, yaani baba, na siku hiyo matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini juu ya gambuti. Aliegemea banda langu bila kuketi. Nilimshukuru kwa hilo.

Linet: Bochaberi, chai, tafadhali. Nimekwama tangu saa saba pale kwa mteremko. Majani yameanza kupata moto ndani ya gunia. Yakiungua, kiwanda kitayakataa yote.

Ondieki: Unaona? Unaona sasa? Hiyo ndiyo shida niliyotaka kumaliza.

Akamwonyesha picha. Linet akajifuta vidole kwenye koti, akaishika, akaitazama sana. Akaigeuza upande, akairudisha.

Linet: Ndiyo hii?

Ondieki: Ndiyo hii. Kazi yake ni kukutoa wewe.

Linet: Ina uzito gani?

Kifungu: Imeandikwa hapa. Tani ishirini na nane.

Linet: Mimi nikijaza majani pomoni sifiki tani kumi, na nimezama mpaka ekseli. Hii sasa, tata Ondieki, ikikwama pale, itavutwa na nini?

Kifungu aligeuza karatasi upande wa pili. Hapakuwa na maandishi. Oyugi alitoa simu, nadhani alitaka kumpigia yule mtu wake, akairudisha mfukoni. Bochaberi aliinamisha chupa ya chai juu ya kikombe, yakatoka matone mawili, na watu wote tukayatazama yale matone.

Ondieki: Linet, hilo swali ungeniuliza mwezi wa kumi, kabla hatujalipa.

Linet: Mwezi wa kumi mlinipita pale pale nikiwa nimekwama. Mlikuwa kwenye gari la mwalimu. Mkashusha kioo, mkanionyesha hii picha.

Ondieki: Nawe ukasema nini?

Linet: Niliwaambia mshuke mnisukume.

Ondieki alichukua kalamu. Kisha akakata lile neno "uwanja", akaweka alama kwenye chaguo la tatu, akaandika chini yake: Irudishwe. Aliinuka akaenda kwa Job akitembea kama mtu anayejizuia kukimbia, na tulimwona Job akitoa kufuli mlangoni ili amfungulie tena. Aliporudi, jibu likiwa limeshatumwa, hakuketi.

Ondieki: Sasa niambie, wewe unahitaji nini?

Linet: Watu. Na kokoto ya kuweka chini ya magurudumu. Hata ile barabara yenyewe, tata, ingewekwa kokoto pale mita thelathini tu, singekuwa nakwama.

Ondieki: Kokoto iko. Lori zima.

Tuliibeba kwa mikokoteni miwili na kwa magunia, kutoka kwenye ile nyumba ya mabati mapya mpaka mteremkoni. Jua lilizama tukiwa bado tunamwaga. Nilimtazama Ondieki nione kama ataweka koleo chini. Alisema hata Msabato humtoa ng'ombe aliyetumbukia shimoni, akaendelea kuchota.

Kifungu: Si nilisema ni ng'ombe? Mkanicheka.

Lori lilitoka tuliposukuma mara ya tatu. Ondieki alikuwa nyuma kabisa, karibu na gurudumu, na matope yote yalimrukia yeye.