Alichosema Mtoni

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa sauti ya mkewe: "Simamisha hapo, mwenzangu. Usingizi umenizidi." Kwenye televisheni, jambazi mwenye ndevu alikuwa amefika mtoni, dhahabu imefungwa kwenye tandiko la farasi, na nyuma yake mji wa wanamapinduzi ukiungua. "Atarudi huyu," mkewe akaongeza huku akivua miwani. "Na najua kwa nini. Kesho nitakwambia." Kesho ilifika, mkewe hakuamka. Tangu msiba ule Mpimaji, kama alivyoitwa kijiweni kwa kazi yake ya kupima viwanja, hakuigusa tena ile mashine ya diski. Miwani ilibaki juu ya mkono wa kiti. Jioni zake alizihamishia kwenye benchi la kona, mbele ya duka la kinyozi, na huko nako akaikuta sinema ileile. Wenzake waliiona ujanani, katika kibanda cha video cha Mzee Vusha, na mpaka leo walikuwa hawajakubaliana kwa nini yule jambazi alirudi mjini.

— Moyo ulimsuta, alisema Soli, fundi viatu. Aliyaonea huruma mapinduzi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo ni ya chombo cha baharini, Kinyozi akamkata. Jamaa ana farasi.

— Na farasi si chombo?

— Kunywa kahawa yako. Mimi nasema kitaalamu. Anaondoka na ndevu za kufika kifuani. Anarudi kidevu kinang'aa kama sahani. Kanyolewa na nani?

— Kajinyoa.

— Kwa kisu, juu ya farasi, bila hata mkwaruzo? Acha hizo. Pale mtoni palikuwa na kinyozi, wakamkata kwenye mkanda. Na huyo ndiye kiongozi wa mapinduzi. Siri za mji mzima husemewa wapi, kama si kwenye kiti cha kinyozi?

Soli alitikisa kichwa kwa masikitiko.

— Ungetazama viatu usingesema hivyo. Aliyeondoka kisigino chake cha kushoto kimelika. Aliyerudi kimelika cha kulia. Hao ni mapacha. Damu ni nzito kuliko maji, ndiyo maana mto haukumzuia.

— Pacha mwenye farasi yuleyule?

— Farasi naye ana pacha wake.

Kahawa ilimpalia Mpimaji. Alikohoa, akacheka, akajifuta kwa leso, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe.

— Nyote mmepotea, alisema Mzee Vusha. Aliyerudi ni farasi. Mji ule ndiko alikozaliwa. Yule mtu alikuwa amesinzia tu juu yake.

Hapo akatokea mshonaji, mwanamke aliyehamia chumba cha jirani wiki ile, kikombe mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Nimewasikia kutoka dirishani. Samahani, pale mtoni, yeye mwenyewe alisema nini?

— Nani?

— Huyo jambazi. Kabla ya kugeuza farasi.

Kinyozi alimtazama Soli. Soli alimtazama Mzee Vusha. Mzee Vusha alitazama ndani ya kikombe chake.

— Alisema kitu, alikiri mwishowe. Lakini nilikivusha. Yakianza maneno tu, nabonyeza, mkanda unaruka mbele. Watu walikuja kuona risasi. Ukiwawekea porojo wanarusha viatu.

— Ulivusha maneno yote?

— Yote.

— Yaani miaka yote hii, alisema Soli polepole, tunagombania roho ya mtu ambaye hatujamsikia akitamka hata neno moja.

— Tulimsikia akikohoa, alisema Kinyozi.

Mpimaji alikizungusha kikombe chake.

— Diski nzima ninayo. Imesimamishwa hapohapo mtoni.

Kinyozi, aliyejua ni nani aliyeomba isimamishwe, alishusha sauti.

— Si lazima, kaka. Uongo wetu unatutosha.

Mpimaji alijua anachoogopa. Maadamu yule mtu amesimama mtoni, mkewe bado alikuwa na la kumwambia. Muuza kahawa wa kijiweni aliinamisha birika. Likatoa tone moja, basi.

— Njooni asubuhi, alisema Mpimaji. Lakini viti vyangu ni viwili, na kimoja kina mwenyewe.

Asubuhi alifungua mapazia, akaifuta miwani ya mkewe, akairudisha palepale. Kinyozi na Soli walikuja wamebeba benchi zima kutoka kona, wakigombana mlangoni ni nani atangulie. Mshonaji alileta birika. Mzee Vusha alipokaa tu, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rimoti.

— Lete hiyo, mzee, alisema Mpimaji. Hapa hatuvushi.

Akabonyeza. Mtoni, yule mtu alimpapasa farasi shingoni, akageuka, akafungua kinywa. Mpimaji akaongeza sauti.