Fundi Mabango na Kitabu cha Mjukuu Wake

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mabango.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya babu yetu seremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Aliingia shule mwaka 1959, akaishia darasa la nne babu alipovunjika mguu, na mwaka 1968 akapokelewa na mchoraji wa mabango, akaandika majina ya maduka na zahanati kwa miaka arobaini na minne, na akiona bango la mwenzake lina kosa, alisimama barabarani akagomba peke yake, sisi watoto tukijificha kwa aibu.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wanne, wote alitufundisha kusoma kwenye meza ya jikoni, na wote tulilia.

Kwa hiyo Januari 2019, alipojitolea kumsomesha binti yangu wa miaka saba, ambaye mwalimu wake alikwisha kutuambia atarudia darasa la kwanza, nilikubali shingo upande. Kila saa kumi jioni walikaa na kitabu, mtoto akisoma "kata" palipoandikwa "kaka", baba akivua kofia na kuivaa tena, akiuliza, "Neno hili tumelisoma sasa hivi, mstari wa juu tu, limekukosea nini?" Mtoto akaanza kukariri kurasa na kuzisoma huku anatazama dari, baba akamgundua, akafunga kitabu kwa kishindo, nami nikashindwa kuvumilia, nikasema, "Baba, sisi wanne ulitutoa machozi ya kutosha, huyu niachie mimi." Akavaa kofia yake, akatoka.

Kesho yake alichukua brashi, akaandika kwenye geti letu, kwa herufi kubwa kama sahani, KAKA AMEKATA KAMBA, nadhani kwa hasira tu, na mtoto alipotoka shule akayasoma maneno yote bila kusita, akiwa ng'ambo ya barabara. Baba akamletea maneno yale yale kitabuni, mtoto akashindwa.

"Macho!" baba akasema. "Miezi mitano nagombana na macho!"

Alimpeleka kwa daktari wa macho tarehe 11 Juni, mtoto akapata miwani, na baba, ambaye sijapata kumsikia akimwomba mtu radhi, akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Nisamehe, mama, nimekugombeza bure." Sentensi hiyo mimi niliingoja tangu utoto wangu, na siwafichi, niliudhika ilivyonipita.

Oktoba 2023 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara nne, mjukuu akimsomea gazeti, naye akimkatiza, "Hapo pana koma." Tarehe 7 Juni 2024 mtoto alikuwa kwenye mtihani, nikamsomea mimi, ukurasa mzima, nikakosea mahali pawili ninapopajua, na baba hakunikatiza hata mara moja, alinishika tu mkono. Alifariki tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, daktari wa macho, mafundi wenzake waliomtembelea kila Jumamosi, na ninyi majirani mliostahimili kelele zetu za saa kumi jioni.

Baba, umefundisha vya kutosha, sasa pumzika.