Vitabu Visivyo na Mwisho vya Kazija binti Simai

Masheikh wetu, wazee, majirani wa Kajificheni, na nyinyi kinamama mlioko uani ambao mnasikia ingawa hamuonekani, hitima imekwisha, kahawa inakuja, na kabla hamjaanza kutafuta viatu vyenu mnaombwa mkae kidogo, kwani marehemu aliusia historia yake isomwe kutoka kwenye karatasi, jambo ambalo si desturi yetu, na akausia asomaye awe mdogo wake, Jecha Simai, si mwengine. Kila penye jina Jecha humu ndani ni huyu huyu mnayemuona amesimama mlangoni. Hakujiandika "mimi" kwa sababu marehemu alikuwa akisema kwamba mtu akijisimulia mwenyewe hujipunguzia makosa, na yeye alikuwa kasoma vya kutosha kulijua hilo. Wako jamaa waliomjia jana asubuhi wakamtaka apunguze mahala pawili, akawasikiliza, akawapa chai, hakupunguza.

Kazija binti Simai alizaliwa Jambiani tarehe 9 Agosti 1931, siku aliyoiandika baba yake kwa wino ndani ya jalada la msahafu, akiwa mtoto wa kwanza wa Simai Pandu, mjenzi wa nyumba za mawe na chokaa, na Jecha akafuata miaka minane baadaye, mwaka ule ule ambao dada yake aliletwa mjini kukaa kwa shangazi yao ili asome. Alisoma Kurani chuoni, akahitimu, kisha akaingia skuli ya wasichana, akamaliza darasa la nane Disemba 1947, na tangu siku hizo hakuna kilichoandikwa kilichopita mbele yake salama, iwe gazeti, karatasi ya dawa, au maandishi ya kwenye kanga ya mtu aliyekuwa anapita njia.

Mwaka 1948 aliajiriwa kufundisha watoto wa darasa la kwanza, kazi aliyoifanya kwa miaka mitano na kuipenda, akaiacha Oktoba 1953 kwa sababu watu wa upande wa mume hawakutaka mke wa kwenda na kurudi, na yeye mwenyewe hakuulizwa. Aliolewa tarehe 14 Novemba 1953 na Bwana Ame Jaku, karani wa bandarini, ambaye leo hayupo hapa na hakuna aliyemtarajia. Walijaaliwa watoto wawili, Wanu, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1954 na ambaye yupo ndani na kinamama, na mtoto wa kiume aliyefariki mwaka 1957 kabla ya kufika arubaini. Juni 1964 Bwana Ame alivuka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, Machi 1965 ikaja barua, na ndani ya barua mlikuwa na talaka, maandishi yake mazuri kweli kweli, ya mtu wa ofisini. Marehemu aliisoma mara mbili, akasema kwamba sentensi ya tatu ilikuwa ndefu mno.

Baada ya hapo ilibidi ale kwa mikono yake, akaanza kushona kofia, na lisemwe hili bila ya kumvunjia heshima, Bi Kazija hakuwa mshonaji, kofia zake zilikuwa zikikaa kichwani kama zimegombana na kichwa chenyewe. Bi Biasha, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyetoa shauri. Kinamama wakusanyike uani kwa Bi Kazija kila baada ya sala ya alasiri, wao washone, yeye asome, na katika kila kofia tano moja iwe yake. Ikawa hivyo kwa miaka miwili na nusu, wanawake saba, wakati mwengine kumi, sindano mkononi na masikio yamesimama, na Jecha, aliyekuwa akiishi nyumba hiyo, tarishi katika ofisi ya serikali anayerudi kutoka kazini saa tisa na nusu, akikaa ukumbini akijifanya anapiga viatu rangi. Viatu vyake miaka ile vilikuwa viking'ara mtaa mzima.

Vitabu vilitoka kwa Mkubwa, muuza njugu wa Darajani. Mnakumbuka nyumba zilivyobaki wazi mwaka 1964, na makasha yaliyobaki ndani, na karatasi zilizobaki ndani ya makasha. Mkubwa, ambaye hajui kusoma na hajapata kujidai kwamba anajua, aliokota hadithi za Kiingereza kwa magunia, majalada yake yameshang'olewa ili jina la mwenyewe lisionekane, akazitundika msumarini kwa upande wa mbele, akawa anachana kutoka nyuma kila mteja anapotaka njugu. Bi Kazija alipita siku moja akanunua njugu, akaisoma ile karatasi papo hapo amesimama juani, akarudi kuuliza iliyobaki iko wapi. Wakapatana bila ya pesa, karatasi kwa karatasi, yeye ampe magazeti ya zamani, na Mkubwa ampe hadithi, ila kila hadithi ilikuwa imeshaliwa mwisho wake.

Kwa hiyo alisoma vitabu visivyo na jina wala mwisho, macho yakipita kwenye Kiingereza na mdomo ukitoa Kiunguja, na kitabu kilipokatika aliandika katika daftari yale aliyoyaona yeye, na mwisho ungekuwaje. Bi Sichana, mmoja wa wale washonaji, alilalamika kwamba majina yale ya kigeni yanamtegua ulimi, akasema, "Nipe mtu nnayeweza kumtukana nikaridhika," na tokea hapo watu wote wa vitabuni walipewa majina ya kwetu. Daftari zilikuwa tatu. Jecha alizisoma zote kwa siri, na baadhi ya maneno yake anayo kichwani mpaka leo. Kuhusu hadithi ya mjane mwenye wachumba watatu aliandika, "Mwandishi anamsifia macho kurasa nne, wala hatuambii huyu mtu anakula nini, na mtu mwenye njaa hawezi kulia siku tatu." Kuhusu daktari aliyemwacha mchumba wake gatini aliandika, "Anaomba radhi vizuri mno. Anayejua kuomba radhi namna hii keshazoea kukosa. Bi Sichana anataka waoane, mimi sitaki, nimeandika kuwa binti anarudi kwao na mizigo yake yote." Bi Sichana alinuna wiki nzima kwa mwisho ule.

Na kuhusu hadithi ya karani mmoja wa mji wa baridi, mtoto wa mama muuza mkate, ambaye alipandishwa akawa mkuu wa ofisi, na ambaye kinamama walimpa jina la Mjaka, aliandika hivi. "Mjaka kapata cheo, na tangu apate cheo hajui tena njia ya kwa mama yake. Watu wanamwogopa, yeye anadhani wanamheshimu. Hapiti mtu mlangoni kwake ila ameinama. Nnaona mwisho wake mbaya, na sitamlilia." Mahala mama yake Mjaka anapomwekea mwanawe chakula mpaka kinachacha, Jecha alilia ukumbini, brashi ya viatu mkononi.

Hapa ndipo mahala pa kwanza alipotakiwa apunguze. Kila Jumamosi aliyekuwa akipeleka magazeti kwa Mkubwa ni Jecha, na Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 1967 magazeti yalikuwa machache, naye akaona aibu kwenda na mzigo mdogo, akachukua chini ya meza karatasi zilizokuwa zimefunguka kutoka kwenye daftari kuukuu ya dada yake, akaongezea juu bila ya kuuliza. Jumanne yake mtu mmoja alinunua njugu Darajani, akala, akafungua karatasi kuangalia kama zimebaki, akasoma kwamba Mjaka kapata cheo na mwisho wake utakuwa mbaya. Mwandiko wa mwalimu unasomeka hata na mafuta ya njugu juu yake. Alhamisi ya tarehe 12 wakaja watu wawili nyumbani, wakamchukua Bi Kazija, wakachukua daftari zote tatu na vitabu vyote kumi na tisa, wakampeleka katika ofisi moja ambayo haitatajwa hapa.

Aliulizwa Mjaka ni nani, mwenye cheo gani wa hapa anayefichwa kwa jina hilo. Akasema ni mtu wa kitabuni. Akaambiwa akitoe kitabu, akakitoa, hakina jalada, hakina jina, na ndani yake hamna Mjaka hata mmoja, mna Mzungu. Akaambiwa basi awataje waliosikia kikisomwa, akawataja, kwa sababu aliamini kwamba watu wanaosema kweli wakiwa wengi jambo huisha. Kinamama waliitwa mmoja mmoja, nao wakasema walikuwa wakienda kushona kofia tu, na kweli kofia zilishonwa. Mkubwa aliitwa, akasema zile ni hadithi, akaulizwa kama anajua kusoma, akasema hajui, akaambiwa anyamaze. Wa mwisho kuitwa ni Jecha, mahala pa pili pa kupunguzwa, na aliyekuwa mezani hakumpigia kelele wala hakumtishia, alimuuliza tu anafanya kazi wapi, akaiandika ofisi yake polepole, halafu akamuuliza huyu Mjaka ni nani. Jecha alikuwa amekisikia kitabu kile mwanzo mpaka pale kilipochanika, angeweza kuwasimulia mpaka mkate uliokuwa ukiuzwa. Akasema hajui.

Bi Kazija alikaa kule siku kumi na moja, akarudi kwa miguu Jumatatu ya tarehe 23 Oktoba adhuhuri, akaoga, akala wali uliobaki, akamuuliza Wanu kama kafanya hesabu zake za skuli. Daftari hazikurudi, na vitabu pia havikurudi. Kinamama walikuja alasiri moja na kofia zao, akawakaribisha, akawatandikia mkeka, hakusoma, wakashona kimya kama wiki moja hivi, kisha kila mmoja akaona kuna mwanga mzuri zaidi nyumbani kwake. Hakumuuliza Jecha kitu. Karatasi ile ya njugu aliwekewa mbele yake mezani kule ofisini, akayaona mafuta yake, na alijua ni nani anayepeleka karatasi kwa Mkubwa. Jecha alingoja aulizwe, akangoja miaka minne na miezi mitatu, wakila sinia moja, akimpa chumvi na yeye akimwambia ahsante.

Wanu ndiye aliyeuliza. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mwezi wa Ramadhani, akasema, "Mjomba, kwani Mama kwa nini hasomi tena?" Jecha akamwambia akikua atamwambia. Keshakua, ana miaka kumi na saba.

Maradhi yalimwanza Juni 1971, miguu kuvimba na pumzi kumkatika kwenye ngazi, ikaonekana ni moyo, akalazwa hospitali ya mjini tarehe 10 Januari 1972, akatolewa tarehe 26 kwa kuwa mwenyewe alitaka nyumbani. Akiwa wodini Mkubwa alimletea hadithi moja chini ya njugu, imechanwa mwisho kama zote, na marehemu aliisoma peke yake kwa siku tisa, kimya, mdomo hata hautikisiki. Alifariki Jumanne tarehe 1 Februari 1972, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arubaini, akazikwa siku ile ile baada ya alasiri.

Juzi Wanu alipokunja godoro alikuta daftari ya nne, akamletea mjomba wake. Imeandikwa ukurasa mmoja tu, kuhusu hadithi ya mwisho, nayo ni ya mwanamke aliyesingiziwa wizi, na ndugu yake aliyemuona mwizi wa kweli na asiseme. Bi Kazija alimpa kila mtu jina la kwetu kama zamani, na katika miaka yake yote ya kusoma ni mara moja tu alitumia jina la mtu wa nyumba hii. Ukurasa wenyewe ni huu. "Jecha hakusema. Mwandishi anamwonea huruma, anamtia usingizi mbaya na homa, anataka na mimi nimwonee. Sikumwonea. Dada yake alimngoja aseme, hata ndani ya nyumba, hata kwa sauti ndogo, ingetosha. Mwisho umechanwa. Nnadhani atakuja kusema, siku watu wote wamekaa kusikiliza, ila yule aliyekuwa na haja ya kusikia."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomgeuza kitandani kwa upole na kumwita Mwalimu. Inawashukuru wafanyakazi wenzake Jecha, ambaye kazi yake anayo mpaka leo. Inawashukuru majirani kwa sufuria, maji, mikeka na wali, mmekuja wote, hakuna aliyekosa, na ingalifaa mje hivi Oktoba ile. Inawashukuru Bi Biasha na Bi Sichana, waliomuosha. Na kwa namna ya peke yake inamshukuru Mkubwa, aliyekaa pale kwenye ngazi, ambaye peke yake alipoulizwa alisema kweli.

Wanu, mwanangu, jibu lako ni hili, na wanaosikia wasikie. Mjaka hakuwa mtu wa mtaa huu wala wa mji huu, alikuwa karani wa kitabuni, mama yake aliuza mkate, na mjomba wako alikisikia kitabu chote akiwa ukumbini, karatasi ile aliipeleka yeye, na alipoulizwa akasema hajui. Mama yako hakunyamaza kwa kuogopa. Alinyamaza kwa sababu alijua sasa sisi ni wasikilizaji wa namna gani.

Lala kwa amani, dada. Mwisho uliukisia sawasawa.